Sura ya Sita: Rangi ya Koti la Askari

Askari wa miguu wa Ufaransa aliyepigana Waterloo tarehe 18 Juni 1815 alivaa koti la rangi gani? Msomaji wa historia atajibu bila kusita kwamba lilikuwa la bluu, na picha kubwa za mafuta zilizotundikwa kwenye makumbusho ya Ulaya zitamuunga mkono. Fundi wa visanamu hajibu upesi hivyo. Atataka kujua kwanza askari huyo ni wa kikosi gani, na kama mvua iliyonyesha usiku wa kuamkia siku hiyo ilimlazimisha kuvaa koti lake kubwa la baridi. Wengi wao waliingia vitani wakiwa wamefunga makoti hayo hadi shingoni, nayo yalishonwa kwa kitambaa chochote kilichopatikana: kijivu, kahawia, rangi ya mchanga, rangi ya majivu. Suruali nazo zilichanganyika. Kofia ndefu zilivishwa mifuko ya kitambaa cheusi kilichopakwa mafuta ili maji yasiziharibu. Mwingereza aliyesimama upande wa pili wa bonde hakuona ukuta wa bluu ukimjia. Aliona umati wa watu waliolowa na kuchafuka, wenye rangi ya udongo waliolala juu yake.

Fundi anajiuliza hayo kwa sababu mbele yake pana askari 24 wa bati, kila mmoja na urefu wa milimita 28 kutoka unyayo hadi machoni, na kichupa cha rangi kiko wazi. Mwandishi wa kitabu anaweza kusema vikosi vya Ufaransa vilisonga mbele, kisha akaendelea na mengine. Fundi hana njia hiyo ya mkato. Kila kifungo, kila ukanda wa begi na kila kiatu vinadai jibu, na jibu lisipopatikana, kisanamu kinabaki na doa tupu. Mchezo wa vita anaowaandalia askari hao ni wa siku moja. Meza inatandikwa kitambaa cha kijani, vilima vya povu gumu vinapangwa, nyumba za kadibodi zinawekwa njia panda, majeshi yanasogezwa kwa kupimwa na rula, na dadu zinaamua nani kalenga shabaha na nani kakimbia. Kikosi cha watu 600 huwakilishwa na visanamu 24 au 36. Jioni ikiingia kila mtu anarudisha watu wake kwenye sanduku. Kulipaka rangi jeshi hilo, hata hivyo, huenda kulimchukua mwenyewe mwaka mzima, na ukizungumza naye utagundua kwamba huo mwaka ndio anaoupenda zaidi.

Wapo wanaouita utoto. Mimi naona ni usomaji wa historia wa aina yake, tena wenye subira kuliko mwingine wote ninaoujua. Brashi inamlazimisha mtu kuuliza koti lilitoka wapi, nani alilitia rangi, rangi yenyewe ilivuka bahari ipi, na ni manowari za nani zilizoizuia isifike. Ndiyo maana sura hii nimeiacha ifuate rangi, na majenerali watatajwa pale tu wanapokutana nayo.

Mwanzoni rangi zilikuwa mbili tu. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reiswitz, mtumishi wa serikali ya Prussia, alimwonyesha mfalme wake meza ya mchezo wa vita yenye vipande vya ardhi ya plasta vinavyoweza kupangwa upya. Mwanawe, ofisa wa mizinga, akauboresha na kuchapisha kanuni zake mwaka 1824, akitumia ramani za kipimo cha 1:8000, dadu, na mwamuzi aliyekaa kati ya pande mbili. Mkuu wa majeshi, Karl von Müffling, aliuona ukichezwa akavutiwa sana, na mchezo ukasambazwa jeshini. Vikosi vilikuwa vijiti vya mstatili, vyekundu upande huu na vya bluu upande ule. Mpaka leo ramani za majeshi mengi hufuata mtindo huo wa rangi mbili. Kwa ofisa anayejifunza kazi hilo linatosha: anahitaji kujua wapi ni kwetu na wapi ni kwao.

Wakati huohuo, katika mji wa Nuremberg, mafundi wa bati walikuwa wakitengeneza kitu tofauti kabisa. Walichonga umbo la askari kwenye vipande viwili vya jiwe la kibao, wakavibana pamoja, wakamimina bati lililoyeyushwa, na akatoka askari bapa, mwembamba kama sarafu, mwenye kila mshono wa nguo yake. Karakana ya Ernst Heinrichsen, iliyoanza mwaka 1839, ilifanya kimo cha milimita 30 kiwe cha kawaida, na watoto wa Ulaya wakaweza kukusanya majeshi yanayolingana. Rangi ilipakwa kwa mkono kabla ya kuuzwa. Huko Uingereza, mwaka 1893, William Britain mdogo alibuni namna ya kumimina risasi ili kisanamu kiwe tupu ndani; kikawa chepesi na bei ikashuka. Askari hao wa Britain ndio waliopanga safu kwenye sakafu ya H. G. Wells, mwandishi aliyechapisha kitabu chake cha kanuni, Little Wars, mwaka 1913. Wells aliichukia vita halisi na aliamini kwamba vita vya sakafuni ni bora kuliko vya mashambani. Mwaka uliofuata Ulaya ilikuwa vitani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili watu waliouhuisha mchezo huu walikuwa wameiona vita kwa macho. Donald Featherstone, aliyetumikia kwenye vifaru, alitoa kitabu chake War Games mwaka 1962. Brigedia Peter Young, komando mwenye nishani, aliandika Charge! pamoja na J. P. Lawford mwaka 1967. Hawakuhitaji meza iwakumbushe damu. Walipenda majeshi ya zamani yenye makoti ya rangi kali na vanishi inayong'aa, vikosi vinavyogeuka kwa mpigo mmoja wa ngoma. Wakati huo kampuni ya Airfix ilikuwa ikiuza askari wa plastiki laini kwa bei ya mtoto wa shule, ingawa plastiki hiyo ilikuwa na tabia mbaya: ukiikunja singe, rangi yote inabanduka. Leo kitovu cha biashara ni Nottingham, ambako pacha Alan na Michael Perry, kwa kutaja wawili tu, huchonga askari wa karne ya 19 wenye uhai kiasi kwamba unamtambua aliyechoka na anayeogopa.

Kabla ya kuingia karakanani, lazima nimtaje William Siborne, kwa sababu hakuna aliyeonyesha wazi kuliko yeye kwamba rangi juu ya meza ni ushahidi. Mwaka 1830 luteni huyu wa Uingereza alipewa kazi ya kutengeneza mfano mkubwa wa Waterloo. Akaenda kuishi kwenye shamba la La Haye Sainte, katikati ya uwanja wa vita, kwa miezi minane, akipima kila tuta na kila ua. Akawaandikia barua maofisa waliokuwapo akiuliza walisimama wapi, adui alikuwa wapi, na shamba lililokuwa mbele yao lilikuwa na zao gani. Serikali ilipoacha kutoa fedha aliendelea kwa fedha zake na za kukopa. Mfano ulipofunguliwa London mwaka 1838 ulikuwa na wanasesere karibu 75,000 wa milimita 10 hivi, wakionyesha hali ilivyokuwa mnamo saa moja ya jioni, Walinzi wa Napoleon wanapopanda kilima.

Tatizo lilikuwa rangi moja: bluu iliyokolea ya Waprussia, washirika wa Waingereza. Siborne, kwa kufuata ushahidi aliokusanya, alikuwa amewaweka wengi ubavuni mwa Wafaransa, karibu na kijiji cha Plancenoit, katika saa ileile ambayo Waingereza walipenda kuamini kwamba ushindi ulikuwa umeshapatikana kwa mikono yao. Duke wa Wellington, kamanda wa Waingereza siku ile, na watu wake hawakupendezwa. Siborne, mwenye madeni na cheo kidogo, alishindana nao kwa miaka, mwishowe akawaondoa Waprussia wengi kutoka kwenye mfano wake. Mfano huo upo hadi leo katika Makumbusho ya Taifa ya Jeshi, London, na anayeutazama upande wa Plancenoit anatazama matokeo ya mzozo huo. Kwangu mimi hilo ni jambo zito. Mtu anaweza kupotosha vita bila kuandika neno hata moja la uongo. Inatosha kupunguza visanamu vya rangi fulani mahali fulani.

Sasa tuketi kwenye meza ya fundi. Tumpe kikosi cha Waingereza wa 1815, askari wa kawaida 24. Anaanza kwa tupa ndogo, akiondoa ukingo mwembamba ulioachwa na kalibu kwenye mabega na kofia. Anawaosha kwa maji na sabuni, maana mafuta ya kiwandani hufukuza rangi. Anawabandika mmojammoja juu ya vizibo vya chupa ili avishike vizibo, asiguse askari. Kisha anapuliza praima. Wengi hupenda nyeusi, kwa sababu pembe ambazo brashi haitafika, kama kwapa na chini ya begi, zitabaki na kivuli chake tayari.

Hampaki mtu mmoja akammaliza. Anapaka suruali 24 za kijivu, kisha makoti 24, kisha mabegi 24. Brashi yake ni ya nywele za mkia wa kicheche wa Siberia, na anayeanza kazi hununua namba ndogo kabisa akidhani udogo ndio ustadi. Mafundi wazoefu watamwambia achukue namba 1 yenye ncha kali, kwa sababu brashi ndogo mno haibebi rangi ya kutosha, na tone linakauka kabla halijafika kwenye kifungo. Rangi za siku hizi ni za akriliki, zinalegezwa kwa maji. Za zamani zilikuwa za mafuta na zilitaka tina na dirisha wazi.

Koti jekundu linapakwa mara tatu. Kwanza nyekundu iliyokolea karibu na kahawia, inayofunika kila kitu. Ikikauka, nyekundu ya kati, inayoacha mikunjo ya kiwiko na mstari ulio kando ya mikanda. Mwisho nyekundu iliyochangamshwa kwa tone la rangi ya chungwa, juu ya mabega na vifundo tu. Akitumia nyeupe kuchangamsha atapata waridi, na askari wake watafanana na peremende. Mikanda miwili inayokingamana kifuani haipakwi nyeupe moja kwa moja. Inapakwa kijivu, kisha nyeupe inawekwa katikati, na ukingo wa kijivu unaobaki ndio unaoutenga mkanda na koti. Nyeusi halisi karibu haitumiki kabisa. Kitu kidogo hukusanya giza, na koti lililopakwa rangi sahihi kwa sampuli ya kitambaa cha makumbusho litaonekana jeusi mno likiwa juu ya mtu mwenye urefu wa kidole gumba. Kila rangi lazima ing'arishwe kidogo, ili jicho lililo umbali wa mkono mmoja lione kile ambacho lingeona kwa askari halisi aliye mbali.

Ukosi na ncha za mikono ndizo zinazotambulisha rejimenti: njano, kijani, bluu, hata nyeusi. Fundi akikosea hapo amebadilisha kikosi kizima. Bendera inakuja mwisho. Bendera ya rejimenti ya Uingereza ya wakati ule ilikuwa na futi 6 kwa futi 6 na nusu, kubwa kuliko aliyeibeba, na iliwekwa hivyo makusudi: katika moshi wa baruti nyeusi, askari aliyepotezana na wenzake alihitaji kitu cha kutazama juu. Moshi huohuo ndio unaoeleza kwa nini majeshi yalivaa nyekundu, bluu na nyeupe hata kidogo. Baada ya mikupuo michache ya magobori, uwanja ulifunikwa na wingu zito, na jenerali alijua walipo watu wake kwa vipande vya rangi vilivyochungulia.

Hapa ndipo vichupa vinapoanza kusimulia. Fundi anayejali ana nyekundu mbili kwa kikosi kimoja cha Waingereza. Askari wa kawaida walivaa koti lililotiwa rangi ya mzizi wa mmea ambao Wafaransa huuita garance, rangi ya bei nafuu, nyekundu ya matofali, inayochujuka kwa jua na mvua hadi ikakaribia kahawia. Maofisa walinunua nguo zao wenyewe, na nyekundu yao iliyowaka ilitokana na kochinili, wadudu wadogo wanaofugwa kwenye mipungate ya Mexico, wanaokaushwa na kusagwa. Tofauti ya tabaka kati ya mwenye shamba na kijana maskini aliyeandikishwa kwa chupa ya pombe ilionekana kwa macho kutoka ng'ambo ya bonde. Kwenye meza inaonekana pia: weka ofisa mmoja katikati ya watu wake, na bila kumpa upanga utajua ni yupi.

Bluu ya Wafaransa ilitegemea nili, na nili nzuri ilitoka katika nchi za joto, kwa meli. Jeshi la majini la Uingereza lilipoibana bahari, nili ikawa adimu Ufaransa, na mwaka 1806 Napoleon akaamuru askari wake wa miguu warudie makoti meupe. Rejimenti chache tu zilikuwa zimevishwa kabla amri haijafutwa mwaka 1807. Kwa hiyo anayetengeneza vita vya mwaka huo anaweza, kwa haki kabisa, kuweka Wafaransa weupe mezani, na mpinzani wake atawadhani ni Waaustria. Napenda sana vikosi hivyo. Ukiviona unaona vita vya baharini vikiwa juu ya migongo ya watu ambao huenda hawakuwahi kuiona bahari.

Mwaka 1829 Ufaransa iliwavalisha askari wake suruali nyekundu za garance, na wakulima wa mmea huo katika eneo la Avignon walinufaika. Askari hao wenye suruali nyekundu ndio waliopigana na Prussia mwaka 1870, vita ambavyo mafundi wengi huvipenda kwa sababu ya utajiri wa mavazi: Wazuavu wenye suruali pana zilizoigwa Algeria, wapanda farasi wenye vifua vya chuma, na upande wa pili makoti ya bluu nzito na kofia za ngozi zenye mkuki mdogo utosini, zilizoanza kuvaliwa na Waprussia mwaka 1842. Uzuri huo usimdanganye mtu. Tarehe 18 Agosti 1870, kwenye mteremko wa Saint-Privat, Walinzi wa Prussia walipanda wakiwa wamesongamana kuelekea kwa Wafaransa wenye bunduki za Chassepot zilizopiga mbali zaidi ya maradufu ya bunduki zao, na karibu watu 8,000 waliuawa au kujeruhiwa kwa muda mfupi. Fundi aliyepaka rangi Walinzi hao, akijua kila kisanamu kilimgharimu jioni ngapi, huwaondoa mezani kwa mkono mzito.

Wakati huo zao la garance lilikuwa linaelekea kufa. Mwaka 1868 wanakemia wawili wa Berlin, Carl Graebe na Carl Liebermann, walikuwa wamefaulu kuitengeneza maabarani rangi iliyomo kwenye mzizi ule. Viwanda vya Ujerumani vikaizalisha kwa wingi na mashamba ya Avignon yakaporomoka. Suruali nyekundu zilibaki hadi 1914. Waingereza waliliacha koti jekundu vitani mapema zaidi. Pambano la Ginnis, Sudan, mwishoni mwa Desemba 1885, kwa kawaida hutajwa kuwa la mwisho. Kaki, iliyoanzia kwa kikosi cha Guides huko Peshawar katika miaka ya 1840, ikachukua nafasi. Ugunduzi wa baruti isiyotoa moshi, uliofanywa Ufaransa mwaka 1884, ulimaliza mjadala: wingu lilipoondoka, rangi iliyokuwa ikimsaidia jenerali ikaanza kumsaidia adui.

Marekani nako, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, manowari ziliingia kwenye vichupa. Rais Lincoln alitangaza kuzifunga bandari za Kusini mwaka 1861, na majimbo yaliyojitenga yakajikuta na pamba tele na viwanda vichache. Sare yao ilikuwa ya kijivu kwenye karatasi. Kwa vitendo, walitia nguo rangi kwa maganda ya miti, na nyingi zikageuka kahawia yenye unjano. Fundi anayepaka jeshi la Jenerali Lee la Gettysburg, Julai 1863, hatafuti kijivu kimoja. Anapanga vichupa vitano au sita, na kila askari anapata mchanganyiko wake.

Vita hivyohivyo vilifika hadi Tabora. Tangu miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakileta Zanzibar shehena za merikani, na kitambaa hicho kilikuwa fedha ya njia zote za misafara hadi Ujiji. Vita vilipozuka kwao, shehena zikapungua mno, na baadaye viwanda vya Bombay vikaja kushindana kwa nguvu. Kwa hiyo mtu anayeweka mezani kikosi cha Lee na mtu anayeweka ruga-ruga, wapiganaji wa mtemi Mirambo wa Unyamwezi, wanashughulika na biashara moja ya pamba, ingawa kila mmoja anaona yake tu.

Ndiyo, ruga-ruga wapo. Mchongaji Mark Copplestone alichonga kwa ajili ya kampuni ya Wargames Foundry ya Uingereza mfululizo mzima wa Afrika ya karne ya 19, ukiwa na ruga-ruga, askari na watu wa Zanzibar, naye Chris Peers ameandika kanuni za michezo ya vita hivyo. Uchongaji ni wa hali ya juu. Upakaji rangi ninaouona kwenye picha za magazeti ya mchezo, kwa bahati mbaya, mara nyingi hauufikii. Wachoraji wa Ulaya wamezoea kitabu cha kanuni za mavazi, chenye rejimenti, ukosi na idadi ya vifungo. Wasipokipata hudhani kwamba hakuna cha kujua, wakampaka kila mtu kitambaa cheupe kiunoni, wakamaliza.

Cha kujua kipo kingi. Kwa kuwa kitambaa kilikuwa fedha, wasafiri walikiandika kwa uangalifu kama mhasibu: Burton katika kitabu chake cha 1860 na Stanley katika cha 1872 wametoa orodha ndefu za nguo, zinakotoka na zinapopendwa. Mfanyabiashara Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Ni kitabu kilichojaa bunduki, baruti, pembe na nguo. Msomaji wa Pwani ana zaidi ya hayo. Ameziona kaniki za bibi zake, anajua kanzu inavyoanguka na kilemba kinavyofungwa, na anaweza kumsahihisha fundi wa Nottingham kwa dakika mbili.

Merikani si nyeupe, maana haikupaushwa. Ipake rangi ya maziwa yaliyochanganywa na mchanga, uitie maji ya kahawia kwenye mikunjo, na kwa mtu aliyesafiri miezi mitatu ongeza vumbi hadi magotini. Kaniki ni nili iliyokolea sana. Anza na nyeusi iliyotiwa bluu na uinue bluu mahali pa mikunjo tu, bila kuizidisha. Kitambaa chekundu cha bendera ndicho kilichopendwa na ruga-ruga, waliokitupa begani kama joho, na hicho kinastahili nyekundu kali kuliko zote mezani, kikiwa kipya, au waridi lililochujuka kwa aliyekivaa misimu miwili. Mirambo, aliyekufa Desemba 1884, alikusanya vijana kutoka sehemu nyingi, kwa hiyo visanamu viwili visifanane. Joho halisi, lenye kasabu ukingoni, liachwe kwa wakubwa wa Tabora na Zanzibar.

Kazi ninayotamani kuiona imefanywa vizuri ni Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, liliuvamia msafara wa kamanda wa Wajerumani, Emil von Zelewski, karibu na Iringa. Zelewski na sehemu kubwa ya kikosi chake wakauawa, na Wahehe wakatwaa bunduki mamia. Anayetaka kuiweka mezani asitumie nyasi za kijani zinazouzwa kwenye pakiti kwa ajili ya mashamba ya Ubelgiji. Agosti Uhehe ni kiangazi. Nyasi zimekauka, ndefu, za manjano, na ndani yake ndimo mikuki ilimosubiri. Na asinunue askari peke yao. Safu ya Zelewski, kama misafara yote ya wakati ule, ilikuwa na wapagazi, na kila mmoja alibeba kilo 30 hivi kichwani au begani. Stanley alichukua Wazanzibari wapatao 600 kwa msafara wake wa mwaka 1887, na wengi wao kazi yao ilikuwa mizigo. Wapagazi hawarushi dadu na hawashindi chochote, hivyo wachezaji wengi huwapuuza au huwapaka haraka kwa kilichobaki kibaoni. Bila wao safu ya Lugalo inakuwa fupi, na mchezaji wa upande wa Wajerumani anaweza kuigeuza na kuipanga kwa urahisi ambao Zelewski hakuwa nao. Kwa hiyo aanze na wapagazi, na awape muda uleule anaowapa maofisa: marobota yaliyofungwa mikeka, masanduku ya risasi, kata ya nguo chini ya mzigo, na merikani yenye vumbi hadi kiunoni.